Korolev: Fundi Mkuu Aliyefichwa Jina

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, nyumba nyingi za Lamu, Malindi na Mombasa hufungua televisheni baada ya isha, na watu wakaketi sebuleni kuitazama sala ya tarawehe inavyosaliwa Makka saa ile ile. Watoto wamekwisha kulizoea jambo hili, hawalioni kuwa ni kitu. Lakini wazee wetu, ambao hujaji wao alipokwisha kupanda chombo hawakupata habari zake mpaka arudi au iletwe barua, wangelistaajabu. Kisomo cha imamu hupanda mbinguni, kikafika kwenye mtambo ulio juu ya mstari wa Ikweta kiasi cha kilomita 36,000, kisha kikashuka kwenye dishi lililofungwa darini kwako kabla hujapepesa jicho. Mtambo huo ndio uitwao setilaiti ya mawasiliano.

Waliochangia kuufikisha mtambo huo huko juu ni wengi, na wa mataifa mbalimbali. Leo nitamsimulia mmoja tu, ambaye ndiye aliyeufungua mlango. Alikuwa mtu mnene wa mwili, mfupi wa shingo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe. Ulimwengu mzima uliisikia kazi yake mwaka 1957, na hakuna aliyeambiwa jina lake mpaka siku alipokuwa maiti. Jina hilo ni Sergei Korolev.

Alizaliwa tarehe 12 Januari 1907 katika mji wa Zhytomyr, nchi ya Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya wafalme wa Kirusi. Baba yake alikuwa mwalimu. Wazazi waliachana mtoto akiwa hata hajatimiza miaka mine, naye akapelekwa kulelewa na babu na bibi mjini Nizhyn, akaambiwa kwamba babake amekufa, na hali hakufa. Ulikuwa utoto wa upweke, wa nyumba yenye lango lililofungwa na bila watoto wa kucheza nao. Watu wa kwao husimulia kwamba siku moja mrusha ndege alikuja mjini kufanya maonyesho, na kijana akapandishwa mabegani kwa babu yake apate kuona. Eropleni ile iliinuka kidogo, ikaenda masafa si marefu, ikatua. Kwa mtoto yule lilikuwa jambo la kutosha.

Mama aliolewa tena na mhandisi, wakahamia Odessa, mji wa bandari, mnamo 1917. Hiyo ndiyo miaka ya mapinduzi na njaa. Korolev alisoma katika shule ya ufundi wa kujenga, akajifunza useremala na kuezeka mapaa kwa vigae, na hapo hapo bandarini akawa hatoki kwenye kituo cha ndege za majini, akiwasaidia mafundi ili naye apate kurushwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba alikwisha kuchora ndege yake mwenyewe isiyo na injini. Akasoma Kiev, kisha Moscow, na aliyemsimamia katika kazi yake ya kuhitimu alikuwa Andrei Tupolev, bingwa mkubwa wa kuunda ndege katika nchi ile. Msomaji na amkumbuke Tupolev, maana tutamkuta tena mahali asipotarajiwa.

Mwaka 1931 vijana wachache walikusanyika mjini Moscow chini ya uongozi wa Friedrich Tsander, mtu aliyekuwa akiota safari ya kwenda Mirihi, wakafanya kikundi cha kuunda roketi. Karakana yao ilikuwa chini ya jengo, mahali penye giza, na fedha hawakuwa nazo. Tarehe 17 Agosti 1933 walirusha roketi yao ya kwanza kiwanjani nje ya mji. Ilipanda kiasi cha mita 400, ikaanguka. Tsander hakuwahi kuiona, alikufa miezi michache kabla. Jeshi liliona faida katika mchezo ule, likawachukua vijana na kuwaweka katika taasisi yake. Korolev akaoa, akapata binti, akawa na kazi anayoipenda. Maisha yalikuwa yamemnyookea.

Kisha ikaja ile miaka ya Stalin, ambayo kubisha hodi usiku kulikuwa na maana moja tu. Wakuu wawili wa taasisi, Kleimyonov na Langemak, walikamatwa, na mapema mwaka 1938 wakapigwa risasi. Akafuata Valentin Glushko, fundi wa injini, rafiki wa Korolev. Waliokamatwa waliteswa mpaka wakataja majina, na katika karatasi zilizotiwa sahihi na watu hao watatu lilikuwamo jina la Korolev. Tarehe 27 Juni 1938 walimjia nyumbani. Akashtakiwa kwamba anaihujumu kazi ya serikali. Akapigwa. Yasimuliwa kwamba katika mapigo hayo taya lake liliumizwa, na jambo hilo nalo nitalirejea. Kesi yake mwezi Septemba ilikwisha kwa dakika chache: miaka kumi ya kifungo cha kazi ngumu.

Walimpeleka Kolyma, pembe ya mbali kabisa ya Mashariki ya Siberia, kwenye mgodi wa dhahabu uitwao Maldyak. Sisi watu wa pwani tukipigwa na kusi mwezi wa Julai tunajifunika shuka mbili. Huko baridi hushuka mpaka nyuzi hamsini chini ya sifuri, na mfungwa huchimba mawe kwa sururu na kula kipande cha mkate. Kwa kukosa mboga na matunda akapata ugonjwa wa kiseyeye, meno yakamtoka mengi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na lau angelifia pale angelizikwa bila alama, kama walivyozikwa maelfu.

Lakini ajali yake ilikuwa bado. Mjini Moscow mamake hakulala. Aliandika barua, akabisha milango, akawaendea marubani wawili waliokuwa mashujaa wa taifa, Mikhail Gromov na Valentina Grizodubova, nao wakakubali kumwombea. Ikatoka amri kesi isikizwe upya. Mwishoni mwa mwaka 1939 mfungwa akatolewa mgodini kurejeshwa Moscow, na yasemekana alipofika bandari ya Magadan meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imekwisha ng'oa nanga. Meli yenyewe ni Indigirka. Mwezi Desemba ilipasuka katika dhoruba karibu na Japani, ikazama na watu zaidi ya mia saba. Aliyechelewa akasalimika.

Kesi ya pili ilimpunguzia miaka miwili tu. Ila hakurudishwa mgodini. Stalin alikuwa ameanzisha magereza ya aina yake, ambamo wahandisi waliofungwa walikalishwa kwenye meza za kuchorea na kutakiwa waunde ndege za vita. Gereza alilotiwa Korolev lilikuwa likiongozwa na mfungwa mwenziwe, naye ni mwalimu wake Tupolev. Mwaka 1942 akahamishiwa Kazan, na huko akafanya kazi chini ya Glushko, yule yule aliyetajwa juu. Mtu mwingine angelikataa hata kumwamkia. Hawa wawili walifanya kazi pamoja, na miaka baadaye injini za Glushko ndizo zilizozirusha roketi za Korolev, ingawa mwisho wa maisha yao walikosana tena, safari hii kwa ajili ya ni mafuta gani yatiwe kwenye roketi ya kwendea mwezini. Korolev alifunguliwa mwaka 1944. Cheti cha kumtakasa na makosa ambayo hakuyafanya hakikutoka mpaka mwaka 1957.

Vita vilipokwisha alipelekwa Ujerumani kuzichunguza roketi za V-2 ambazo Wajerumani walikuwa wakiipigia London. Aliporudi akafanywa Fundi Mkuu wa makombora ya masafa marefu, kwenye kitongoji kilichofungwa karibu na Moscow. Kuanzia hapo jina lake likawa siri ya serikali. Magazetini akawa ni Fundi Mkuu, basi. Makala alizoandika mwenyewe zilitoka kwa jina la bandia, Profesa Sergeev.

Sasa tusimame kidogo tueleze kwa nini roketi kubwa ilihitajika, maana hapa ndipo penye siri yote ya setilaiti. Chukua mfano wa mizinga ya kale iliyoko Ngome ya Mombasa, inayotazama baharini. Ukitia baruti kidogo, tufe litaanguka hapo mlangoni mwa bahari. Ukizidisha, litaanguka mbali zaidi. Na bahari, kama wanavyojua manahodha wetu wanaoona tanga kabla hawajaona jahazi, si tambarare: imepinda. Basi lau ungeweza kulirusha tufe kwa mwendo wa kilomita nane kwa kila sekunde, na hewa isiwepo ya kulizuia, lingekuwa likianguka na ardhi nayo inapinda chini yake kwa kadiri ile ile, na hivyo lisingefika chini kamwe. Lingeizunguka dunia. Setilaiti haining'inii wala haielei. Inaanguka daima, ila inakosa pa kuangukia.

Mwendo huo wa kilomita nane kwa sekunde ndio ulioshinda watu wote mpaka Korolev. Roketi yake iitwayo R-7 ilikuwa na uzito wa karibu tani 280 ikiwa imejazwa mafuta, na midomo mikubwa ishirini ya kutoa moto iliyowashwa kwa pamoja. Kazi aliyoagizwa ni kubeba bomu la haidrojeni. Kiwanja chake kilijengwa jangwani Kazakhstan, nchi ya Waislamu wafuga ngamia na farasi, mahali palipokuja kujulikana kwa jina la Baikonur. Tangu Mei 1957 majaribio yaliharibika moja baada ya jingine, na hatimaye tarehe 21 Agosti ikaruka sawasawa.

Wakuu wa jeshi walikwisha pata walichokitaka. Korolev alitaka jingine. Wanasayansi walikuwa wakiunda setilaiti kubwa iliyojaa vyombo vya kupimia, nayo ilikuwa ikichelewa, na Wamarekani walikuwa wamekwisha tangaza kuwa wao pia watarusha ya kwao. Akaamua kuiweka kando ile kubwa na kuunda tufe jepesi, la kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6, lenye antena nne ndefu kama masharubu ya kamba, na ndani yake hamna zaidi ya betri na mitambo miwili ya redio. Tufe likasuguliwa likang'aa kama kioo. Tarehe 4 Oktoba 1957 likarushwa. Likaizunguka dunia kila baada ya dakika 96, na katika redio za wapenzi wa mitambo kila pembe ya ulimwengu ikasikika sauti yake: bip, bip, bip. Betri ilidumu majuma matatu. Tufe lenyewe liliungua angani Januari 1958 liliposhuka.

Bip ile haikuwa na maneno, lakini ilithibitisha jambo zito: kwamba mawimbi ya redio yanaweza kupenya kutoka nje ya dunia na kumfikia mtu aliyekaa barazani. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alikuwa ameandika tangu mwaka 1945 kwamba chombo kikiwekwa juu ya Ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi, kitauzunguka ulimwengu kwa muda ule ule ambao ulimwengu unajizungusha wenyewe, na kwa hivyo aliye chini atakiona kimesimama mahali pamoja. Vyombo vitatu vya namna hiyo vingetosha kwa karibu dunia yote. Kilichokosekana ilikuwa ngazi ya kupandia, na Korolev alikuwa ameileta.

Wamarekani ndio waliowahi kumtimizia Clarke neno lake. Setilaiti yao Syncom 2 ilirushwa Julai 1963, na tarehe 23 Agosti Rais Kennedy akiwa Washington alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Alhaji Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa Lagos ambako meli yenye dishi ilitia nanga. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya wakuu wa serikali mbili kwa njia ya setilaiti yenye kwenda sambamba na dunia, na mmoja wao alikuwa Mwafrika na Mwislamu. Nashangaa jambo hili halisomeshwi mashuleni kwetu.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kufahamu. Kituo cha chini hupeleka sauti au picha kwa mawimbi yenye nguvu. Njiani mawimbi hudhoofika, yakafika juu yakiwa mnong'ono. Setilaiti huyapokea, ikayakuza kwa umeme ilioupata kwenye jua, ikayabadili mpigo ili yanayoshuka yasigongane na yanayopanda, kisha ikayarejesha duniani. Kwenda na kurudi ni kilomita zaidi ya 70,000, nayo ni safari ya robo ya sekunde. Ndiyo maana waliokuwa wakipiga simu Maskati au London kupitia kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, walikuwa wakisema neno na kungojea kidogo, wakadhani aliye upande wa pili ameghadhibika.

Lakini Korolev alikuwa na shida ambayo sisi wa Ikweta hatunayo. Kwetu Mombasa dishi hutazama juu karibu utosini. Kadiri unavyokwenda kaskazini setilaiti ya Ikweta hushuka upeoni, na katika ncha za Urusi huzibwa na vilima na miti, mpaka ikapotea kabisa. Nusu ya nchi yake ilikuwa huko. Kwa hiyo karakana yake ilibuni njia nyingine: setilaiti iendayo kwa mzunguko mrefu kama yai lililonyoshwa, upande wa kusini ipite karibu, kilomita 500 hivi, na upande wa kaskazini ipande mpaka karibu 40,000. Aliyewahi kupanda pembea za Idi anajua kwamba pembea hupita mbio ikiwa chini, na ikifika juu huzubaa kama inayofikiri. Hali kadhalika setilaiti hiyo. Mzunguko wake ni wa saa kumi na mbili, na sehemu kubwa ya saa hizo huwa imezubaa juu ya kaskazini, ikitumika. Inaposhuka upande wa pili, nyingine huwa imekwisha chukua zamu.

Waliipa jina Molniya, yaani radi. Majaribio mawili ya mwaka 1964 hayakufaulu. Katika la pili chombo kilifika juu na antena zikakataa kukunjuka. Tarehe 23 Aprili 1965 ikafaulu, na picha za televisheni zikavuka kati ya Moscow na Vladivostok, miji iliyotengana kwa safari ya treni ya siku saba. Wamarekani walikuwa wametangulia kwa siku 17 tu na Early Bird yao, setilaiti ya kwanza ya biashara, iliyoweza kubeba simu 240 kwa wakati mmoja au picha ya televisheni moja.

Katikati ya hayo Korolev alikuwa amemrusha Yuri Gagarin, Aprili 1961, na kumtoa Alexei Leonov nje ya chombo, Machi 1965. Moyo wake ulikuwa mbovu, usingizi hana. Husimuliwa kwamba wenye kutoa tuzo ya Nobel waliulizia ni nani aliyeunda Sputnik, na Khrushchev akawajibu kuwa ni watu wote wa nchi yake. Sijui kama kuna adhabu ya upole zaidi kuliko hiyo, kwa mtu aliyekwisha kuonja ile kali.

Januari 1966 aliingia hospitali Moscow kwa upasuaji uliodhaniwa ni mdogo. Waziri wa Afya mwenyewe, Boris Petrovsky, ndiye aliyeshika kisu. Ndani wakakuta uvimbe mkubwa wasioutazamia, na kazi ikawa ya saa nyingi. Inasemwa kwamba walipotaka kumpitishia mpira wa pumzi kooni walishindwa kwa sababu ya taya lile lililoharibika gerezani. Moyo ukasimama. Ilikuwa tarehe 14, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Usiku uliofuatia, Lagos, wanajeshi walimchukua Alhaji Balewa nyumbani kwake, akauawa.

Tarehe 16 gazeti la Pravda likatoa picha ya mtu asiyejulikana, kifua kimejaa nishani, na chini yake jina. Ndipo majirani zake walipopata kumjua. Majivu yake yaliwekwa katika ukuta wa Kremlin na Gagarin akahutubia. Kitongoji alichofanyia kazi kilipewa jina lake mwaka 1996, na roketi za Soyuz zinazopeleka watu angani mpaka leo ni wajukuu wa R-7 yake.

Kwetu sisi simu nyingi zimehama, tangu mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa. Setilaiti zimebaki na televisheni, ndege, meli zilizo katikati ya bahari, na vijiji ambako waya haufiki. Na tangu mwaka 2023 wako Wakenya wanaopata intaneti kutoka kwenye makundi ya setilaiti ndogo zinazopita chini, kiasi cha kilomita 550, ambazo hazikai mahali pamoja bali hupokezana kama Molniya zilivyokuwa zikifanya.

Mwaka 1967, mwaka mmoja na kitu baada ya kifo chake, Warusi walifungua vituo vya kwanza vya kupokea televisheni kutoka Molniya. Viliwekwa Siberia, kaskazini ya mbali na Mashariki ya mbali, pande zile zile ambazo Fundi Mkuu alipelekwa mwaka 1939 akiwa mfungwa, na ambako barua ya mamake ilikuwa ikichukua miezi kufika.